Nusukaputi au sindano ya mgongo: mtoto anaguswa na kipi?

Swali: "Ninaishi Newala. Nina watoto wawili, wote nilijifungua kwa upasuaji, na mimba hii ya tatu imefika wiki ya 34. Nimeambiwa nitapangiwa siku ya upasuaji Mtwara mjini, na kwamba kabla ya siku hiyo nitazungumza na mtaalamu wa usingizi kuhusu sindano ya mgongo au nusukaputi. Mama mkwe wangu haitaki kabisa sindano ya mgongo; anasema inaharibu mgongo maisha yote na dawa yake inamwingia mtoto. Mdogo wangu naye alipewa nusukaputi mwaka jana, mtoto akatoka amelegea, hakulia mpaka aliposaidiwa. Ipi ina madhara kwa mtoto? Na ni kweli dawa hizi humfanya mtoto awe mzito wa kuelewa shuleni?"

Jibu:

Dada yangu, hongera kwa kuifikisha mimba wiki ya 34, na umefanya vyema kuuliza mapema, kwa sababu maswali haya yakiulizwa mama akiwa tayari juu ya meza ya upasuaji huwa hayapati majibu ya kutosha. Nitaanza na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Kwa mama mwenye afya anayefanyiwa upasuaji uliopangwa, na mtoto ambaye hana tatizo tumboni, sindano ya mgongo ndiyo tunayoitanguliza, kwa ajili ya mama na kwa ajili ya mtoto pia. Nusukaputi iliyotolewa kwa utaratibu wake nayo haimwachii mtoto mzima jeraha, na ikitokea ukalazimika kupewa, usidhani umemdhulumu mwanao. Kwa muda niliofanya kazi ya usingizi na ganzi katika mikoa hii ya kusini nimeona kwamba jina la dawa lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani, na kwamba mtoto hutoka amechangamka au amechoka kutegemea zaidi presha ya mama yake, dakika zinazopita kabla hajatolewa, na wiki alizokaa tumboni.

Hofu ya mama mkwe kwamba dawa ya mgongo inamwingia mtoto ni rahisi kuijibu kwa vipimo. Dawa tunayoitumia zaidi inaitwa bupivakaini, na kipimo chake ni mililita 2 hadi 2.5 tu, yaani miligramu 10 hadi 12.5, pengine na kiasi kidogo mno cha fentanili ili ganzi ikae vizuri. Kiasi hicho kinatosha kwa sababu kinawekwa ndani ya maji yanayozunguka mishipa ya fahamu, pale pale inapotakiwa kufanya kazi. Kinachopenya kuingia katika damu ya mama ni kidogo, na kinachovuka kondo la nyuma kumfikia mtoto ni kidogo zaidi, wala hakiwezi kumlaza usingizi. Hata ganzi ya epidura, ile inayopitishwa katika mrija mwembamba unaoachwa mgongoni na ambayo huhitaji mililita 15 hadi 20 za dawa, kwa kawaida humtoa mtoto akiwa macho na akilia.

Lakini mama mkwe hajakosea moja kwa moja, kwa maana sindano ya mgongo inaweza kumgusa mtoto kwa njia nyingine, nayo ni presha. Mishipa ya fahamu inayokufa ganzi ni pamoja na ile inayoibana mishipa ya damu ya miguu na tumbo. Ikilegea, damu nyingi hubaki chini na presha ya mama hushuka. Tusipochukua hatua ya kuizuia, zaidi ya nusu ya akina mama hushuka presha baada ya sindano hii. Sasa, mji wa mimba iliyokomaa hupokea damu kiasi cha mililita 500 hadi 700 kila dakika, na mishipa yake haina uwezo wa kujirekebisha presha ya mama inapoanguka, hivyo damu inayofika kwenye kondo hupungua papo hapo. Presha ikishuka kwa dakika moja na ikarudishwa, mtoto hata hajui. Ikiachwa chini kwa dakika kadhaa, hewa ya oksijeni humpungukia, asidi hujijenga katika damu yake, naye hutoka amechoka. Kwa hiyo mtoto wa mama aliyechomwa sindano ya mgongo analindwa na mtu anayeangalia presha, na mtu huyo anahitaji msaada wako.

Nikueleze itakavyokuwa ili uijue sehemu yako. Utaketishwa kitandani, miguu ikining'inia, ukumbatie mto na kuukunja mgongo kama kamba wa baharini, huku muuguzi amekushika mabega. Utahisi baridi ya spiriti, kisha mchomo ambao wengi husema ni mdogo kuliko ule wa kuwekewa dripu. Ukijitikisa kwa woga utanichelewesha. Ukitulia, mara nyingi kazi hiyo huisha haraka. Baada ya hapo joto litashuka kwenye makalio na miguu, na miguu itakuwa mizito kama si yako. Tutakulaza haraka, tutaweka kabari au shuka lililokunjwa chini ya nyonga ya kulia ili tumbo lielemee kushoto, kwa sababu mji wa mimba ukilala sawasawa juu ya uti wa mgongo unaibana mishipa mikubwa ya damu na kuongeza ule upungufu niliousema. Dripu itakuwa inakimbia, na mkanda wa presha utakubana mkono kila baada ya dakika moja hivi. Usiudhike nao.

Katika dakika hizo mimi huangalia uso wa mama kuliko ninavyoangalia mashine. Mama aliyekuwa akinisimulia habari za shamba la mikorosho hunyamaza ghafla, hupiga miayo, hulamba midomo, kisha husema kwa sauti ndogo, "Nasikia kichefuchefu." Mara nyingi hiyo si habari ya tumbo, ni presha inashuka, na inaweza kutangulia kipimo cha mashine. Nikiambiwa wakati huo huo, ninatoa dawa ya kuirudisha na mambo huwa sawa kabla ya mpasuaji kukata. Wanawake wetu wamelelewa kuvumilia, na nimewahi kukuta mama amekaa kimya na kichefuchefu chake kwa sababu hakutaka kuwasumbua wataalamu. Tafadhali, wewe tusumbue. Dawa zenyewe za kupandisha presha nazo hazilingani: fenilefrini huvuka kondo kwa uchache na huacha damu ya mtoto ikiwa na asidi kidogo kuliko efedrini, ambayo huvuka na kuuharakisha mwili wa mtoto. Hata hivyo, pasipo na fenilefrini, efedrini iliyotolewa mapema ni bora mara nyingi kuliko presha iliyoachwa chini.

Nusukaputi ni jambo tofauti, kwa kuwa dawa zake hupita katika damu ya mama na nyingi huvuka kondo. Thiopentali, propofoli na ketamini zina chembe ndogo zinazopenda mafuta, na humfikia mtoto ndani ya dakika moja hivi. Dawa za kulegeza misuli hazivuki kwa kiasi cha maana, ndiyo maana mama hawezi kuinua hata kidole ilhali mtoto wake anatoka akirusha mikono. Utauliza: ikiwa dawa ya usingizi inavuka, mbona mtoto halali kama mama? Sababu ni njia ambayo damu hupitia. Damu inayotoka kwenye kondo hupita kwanza sehemu yake kubwa katika ini la mtoto, kisha huchanganyika na damu inayotoka sehemu za chini za mwili wake, hivyo dawa inayofika kwenye ubongo huwa imeshapunguzwa nguvu. Dozi moja iliyopimwa vizuri humlaza mama bila kumzimisha mtoto. Ketamini, ambayo inatumika sana katika hospitali zetu kwa kuwa haiangushi presha, humchosha mtoto kidogo sana ikitolewa kwa miligramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wa mama. Ikizidi 2, mtoto huanza kulegea.

Kitu kinachomlegeza mtoto katika nusukaputi zaidi ya sindano ya kwanza ni gesi ya usingizi inayofuata, kwa sababu kadiri mama anavyoivuta ndivyo mtoto naye anavyoipokea. Ndiyo maana utaona jambo linalowashangaza wengi: tumbo linasafishwa kwa dawa, mashuka ya upasuaji yanatandazwa, mpasuaji anasimama na kisu mkononi, na mama bado yuko macho anawatazama. Wengi huogopa, wakidhani watakatwa wakiwa macho. Hapana, tunazihifadhi dakika za mtoto. Usingizi ukishaingia na mpira wa hewa ukishakaa kooni, mpasuaji huanza mara moja, na lengo ni mtoto awe ametoka ndani ya dakika 10 hivi. Kuna muda mwingine mfupi zaidi ambao una uzito kwa nusukaputi na kwa sindano ya mgongo vilevile, nao ni ule wa kuanzia mji wa mimba unapokatwa hadi mtoto anapotoka: ukizidi dakika 3, watoto wengi zaidi hutoka wamechoka. Kwako wewe mwenye makovu mawili hili lina maana, kwa kuwa tumbo lililokwisha kupasuliwa mara mbili huweza kuwa na mishikamano inayomchelewesha mpasuaji kuufikia mji wa mimba. Chini ya sindano ya mgongo ucheleweshaji huo haumwongezei mtoto dawa yoyote. Chini ya nusukaputi unamwongezea gesi. Kwangu mimi hiyo ni sababu nzito ya kukushauri sindano ya mgongo.

Nije kwa mtoto wa mdogo wako. Hukueleza kama upasuaji wake ulipangwa au ulikuwa wa dharura, nami ningependa umuulize, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupotea katika kulinganisha. Nusukaputi ndiyo tunayoikimbilia pale mama anapovuja damu, kondo linapobanduka, au mapigo ya moyo wa mtoto yanaposhuka na hakuna nafasi ya kumketisha mama. Mtoto wa namna hiyo huwa amekwisha kuchoka kabla sijafungua dawa yoyote. Akitoka amelegea, lawama huangukia kaputi, ambayo kwa kweli ndiyo iliyowezesha atolewe upesi. Ukiwalinganisha watoto wa upasuaji uliopangwa peke yao, wale wa nusukaputi huwa na alama za chini kiasi katika dakika ya kwanza, na wengi wao katika dakika ya tano huwa hawatofautiani na wale wa sindano ya mgongo.

Alama hizo ni zile za Apgar ambazo huenda umeziona zimeandikwa katika karatasi za watoto wako, mbili kwa kila mmoja, ya dakika ya 1 na ya dakika ya 5. Zilibuniwa mwaka 1952 na Virginia Apgar, daktari wa usingizi wa Marekani, na mimi huona fahari kidogo kwamba alitoka katika fani yetu. Mapigo ya moyo, pumzi, ukakamavu wa misuli, mwitikio anapoguswa na rangi ya ngozi kila kimoja hupewa 0, 1 au 2, jumla ikawa 10. Mtoto mwenye 5 katika dakika ya kwanza na 9 katika dakika ya tano ni mtoto aliyehitaji kuamshwa akaamka, na haibebi ile 5 mpaka ukubwani. Nakumbuka mtoto mmoja wa kike aliyetoka chini ya nusukaputi akiwa ametulia kama kitambaa kilicholowa. Mkunga alimfuta kwa khanga akimsugua mgongo, akaweka vidole viwili kwenye kitovu kuhesabu mapigo, yakawa mazuri, akamfunika pua na mdomo kwa barakoa ndogo na kuanza kubonyeza mfuko wa kupumulishia kwa mpigo wa taratibu. Hatukumpa dawa yoyote. Kabla dakika ya tatu haijaisha alikunja uso, akapiga chafya, kisha akalia kwa hasira. Usingizi wa gesi kwa mtoto mchanga ndivyo ulivyo: akipumulishwa, huutoa kwa pumzi zile zile. Kwa hiyo suala kubwa ni kuwepo kwa mtu mwenye kifaa hicho mkononi ndani ya dakika ya kwanza, ile tunayoiita dakika ya dhahabu. Mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua yalipojaribiwa katika hospitali nane za Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikipungua kwa karibu nusu.

Kuhusu shule, hofu hiyo haikutoka hewani. Desemba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba dawa za usingizi zikitumiwa mara nyingi, au kwa zaidi ya saa 3 mfululizo, kwa watoto wa chini ya miaka 3 au kwa wajawazito katika miezi mitatu ya mwisho, huenda zikaathiri ukuaji wa ubongo. Habari ikasambaa, zile saa 3 zikaachwa njiani. Mtoto wa upasuaji hukaa na dawa ya mama yake kwa dakika chache tu. Utafiti uliowafuatilia watoto zaidi ya 700 katika nchi 7, waliofanyiwa upasuaji mdogo wakiwa wachanga, baadhi kwa usingizi wa chini ya saa moja na wengine kwa ganzi wakiwa macho, uliwapima walipofika miaka 5 na haukuona tofauti ya akili kati yao. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2019. Katika jambo hili ningekuwa na amani.

Jambo ambalo hukuliuliza, na ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko yote uliyouliza, ni wiki ya upasuaji. Mtoto anayetolewa bila uchungu kuanza huwa na maji zaidi kwenye mapafu, na akitolewa kabla ya wiki 39 hupata shida ya kupumua mara nyingi zaidi, hata kama ganzi ilikuwa safi kabisa. Siku za mimba huhesabiwa vibaya kwa urahisi, hasa mama asipokumbuka hedhi yake ya mwisho, kwa hiyo chukua kadi yako ya kliniki pamoja na karatasi ya ultrasaundi ya kwanza kabisa uliyofanya, kwa sababu ile ya mapema ndiyo inayokadiria umri vizuri. Daktari akikutajia tarehe, muulize siku hiyo mimba itakuwa na wiki ngapi. Akisema 38, huenda ana sababu, nawe una haki ya kuielewa.

Ultrasaundi ya miezi hii ya mwisho ndiyo itakayokuambia kondo limekaa wapi. Kwa mwenye makovu mawili, kondo likilala chini mbele juu ya kovu, linaweza kuzama katika nyama ya mji wa mimba na kuleta damu nyingi wakati wa upasuaji, na hapo mtaalamu anaweza kuchagua nusukaputi tangu mwanzo. Vilevile hatuchomi sindano ya mgongo kama damu haigandi vizuri, kama ilivyo kwa baadhi ya wenye presha kali ya mimba, au kama kuna jipu mahali pa kuchoma, au baadhi ya magonjwa ya moyo, au kama mama mwenyewe amekataa. Virusi vya Ukimwi si kizuizi.

Mgongo wako, sasa. Maumivu ya mgongo baada ya kujifungua ni mengi, kwa wanaochomwa na wasiochomwa, kwa kuwa mimba yenyewe inaulegeza mgongo na mtoto anabebwa na kunyonyeshwa kwa kuinama. Sindano inaweza kuacha uchungu mahali pa mchomo kwa siku chache. Madhara yake halisi ni maumivu ya kichwa yanayozidi unapoketi na kupungua unapolala, ambayo kwa sindano nyembamba za siku hizi humpata mama mmoja hivi kati ya 100, na yana tiba. Ukiyapata usikae nayo nyumbani.

Kwa sindano ya mgongo utakuwa macho, mtoto anaweza kuwekwa kifuani pako wakati bado unashonwa, na akanyonya ndani ya saa ya kwanza. Kwa nusukaputi utamnyonyesha mara utakapoamka vizuri na kuweza kumshika. Huna haja ya kukamua na kumwaga maziwa ya kwanza, maana dawa inayofika humo ni ndogo mno. Beba khanga kavu mbili na kofia ya mtoto. Mtwara nje kuna joto, lakini chumba cha upasuaji huwa na kiyoyozi kinachowafaa watu waliovaa magauni mazito, na mtoto aliyelowa hupoa haraka, naye akipoa hupumua vibaya.

Kama upasuaji ni saa mbili asubuhi, chakula chako cha mwisho kiwe kabla ya saa nane usiku, na maji matupu unaweza kunywa hadi saa kumi na mbili asubuhi. Uji na chai ya maziwa vihesabu kuwa ni chakula. Hata kama mmekubaliana sindano ya mgongo, wakati mwingine ganzi haifiki juu vya kutosha na tunalazimika kukulaza, na tumbo lililojaa linaweza kutapika hadi kwenye mapafu. Oksijeni ikikupungukia wewe, inampungukia na mtoto.

Ningekushauri pia usiisubiri tarehe ukiwa Newala. Kama una ndugu Mtwara mjini, hamia kwake wiki moja au mbili kabla, kwa sababu uchungu ukikukuta mbali ukiwa na makovu mawili, upasuaji uliopangwa unageuka kuwa wa dharura na uchaguzi wa ganzi unaamuliwa na saa iliyobaki. Uchungu, maji au damu vikianza kabla ya siku yako, nenda hospitali usiku huo huo, na mlangoni mwambie muuguzi mambo mawili kabla ya mengine yote: umepasuliwa mara mbili, na umekula mara ya mwisho saa ngapi.